Radhi ya Mwenye Njaa, na Amana ya Mwili wa Mfanya Kazi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: katika mambo yanayotendwa kila siku na watu wasiyafikirie, ni hili la mtu kumwajiri mtu mwenziwe. Asubuhi tajiri husimama mlangoni, kibarua huja, hupatana kwa maneno mawili matatu, na kazi ikaanza. Jioni hulipana, kila mmoja akaenda zake, na wote wawili hudhani kwamba jambo limekwisha. Likitokea la kutokea, mtu akaanguka kutoka juu ya jukwaa la wajenzi, au akakatwa vidole na mtambo, au akavuta vumbi miaka mingi hata kifua kikaharibika, hapo ndipo husikiwa neno ambalo matajiri wengi hulisema kwa kujitoa lawamani: alikubali mwenyewe, wala hakuna aliyemfunga kamba.

Neno hili si dogo. Likiwa ni la haki, basi tajiri na alale usingizi wake, kwani hana analodaiwa. Na likiwa si la haki, basi wako watu wanaoswali safu ya kwanza, wakatoa zaka na kuhiji, na shingoni mwao mna damu ya watu wasiyoihesabu. Kwa hivyo yapasa neno hili lipimwe kwa mizani ya sharia na akili, lisiachwe likapita mdomoni kama salamu.

SUALA

Suala lenyewe ni hili: Je, radhi ya mfanya kazi humwondolea tajiri dhima ya madhara yampatayo kazini? Yaani, mtu akijua kwamba kazi ina khatari, au akiwa hajui, naye akaikubali kwa ajili ya ujira, akaumia au akafa, je, kule kukubali kwake ni ngao ya tajiri mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya watu?

Na suala likizungumzwa pasipo mfano huwa kama chombo kisicho nanga. Basi mfano wake ni huu, nao unajulikana duniani kote.

Karibu na Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, nchi ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu, uko mji uitwao Savar. Hapo palikuwa na jengo la ghorofa nane likiitwa Rana Plaza. Chini mlikuwa na maduka na benki, na juu viwanda vitano vya kushona nguo zilizokuwa zikipelekwa kuuzwa Ulaya na Marekani. Jengo hilo lilisimamishwa juu ya ardhi ya maji iliyofukiwa, na ghorofa za juu ziliongezwa pasipo idhini ipasayo, na asili yake lilikusudiwa maduka na afisi, si mitambo wala majenereta mazito yatetemeshayo nguzo.

Siku ya Jumanne, tarehe 23 Aprili 2013, zilionekana nyufa katika kuta na nguzo. Mhandisi aliyeitwa kulitazama alisema kwamba halifai kukaliwa na watu. Benki ikawatoa watu wake, na maduka yakafungwa. Lakini asubuhi ya Jumatano, tarehe 24, washonaji waliitwa warudi kwenye vyerehani vyao. Wengi walisita nje. Wakaamrishwa kuingia, na wako waliotishwa kwamba asiyeingia atakosa mshahara wa mwezi mzima. Na mshahara wa chini wa kazi hiyo kwa sheria ya nchi wakati ule ulikuwa taka 3,000 kwa mwezi, kiasi cha dola 38 za Marekani. Basi wakaingia. Kiasi cha saa tatu umeme ukakatika, majenereta yakawashwa, na punde jengo lote likashuka chini. Walikufa zaidi ya watu 1,100, wengi wao wanawake, na waliotolewa hai walikuwa kiasi cha 2,500, wengine wamekatwa mikono na miguu ili wapate kutoka chini ya mawe.

Na azingatie mwenye kusoma: ufa ulikuwa mmoja, na paa lilikuwa moja, na khabari ya mhandisi ilikuwa moja. Karani wa benki alibaki kwao akapona, na mshonaji aliingia akafa. Haikuwa tafauti ya elimu, wala ya bahati. Tafauti ni kwamba mmoja aliambiwa nenda nyumbani pasipo kupoteza kitu, na wa pili aliambiwa ingia ama ukose chakula cha watoto wako.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni ya nchi za mbali tu. Kabla ya mwezi haujatimia tangu tarehe 29 Machi 2013, siku lilipoanguka ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya mji wa Dar es Salaam likaua watu 36, ndipo ikaja khabari ya Savar.

HUJJA ZA TAJIRI

Ni haki kila mtu asikilizwe kabla ya kuhukumiwa, na tajiri anazo hujja nne, wala si zote dhaifu.

Hujja ya kwanza: ijara ni mapatano, na mapatano husimama kwa radhi. Mtu mzima mwenye akili ameuza kazi yake kwa bei aliyoikubali. Akikatazwa kuuza, amedhulumiwa yeye mwenyewe, kwani pengine hana kingine cha kuuza.

Hujja ya pili: kazi ya khatari hulipwa zaidi, basi ile khatari imekwisha kununuliwa. Aliyepokea thamani ya kitu hana haki ya kukidai tena.

Hujja ya tatu: imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba madhara ya kisima na ya machimbo ya madini hayana diya, na wanavyuoni wameeleza kwamba mtu akimwajiri mwenziwe kuchimba, udongo ukamwangukia akafa, aliyemwajiri hadhamini. Na hii ndiyo hujja yao yenye nguvu, kwani si ya tamaa bali ni ya elimu.

Hujja ya nne: ajali ni ajali. Siku ya mtu ikifika hufa hata kitandani mwake, na hakuna kofia ya chuma wala kamba ya kiunoni itakayomrudisha Malaika wa mauti.

JAWABU LA HUJJA YA KWANZA

Hujja hii ina jawabu kwa njia tatu: kile kilichouzwa, elimu ya aliyeuza, na hali yake alipouza.

Ama kile kilichouzwa: wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wameieleza ijara kuwa ni mapatano juu ya manfaa inayokusudiwa, inayojulikana, inayofaa kutolewa na iliyo halali, kwa malipo yanayojulikana. Basi tajiri amenunua manfaa, hakununua shingo. Anayo haki ya kazi ya mikono ya mtu tangu asubuhi hata jioni; mikono yenyewe si yake. Na vitabu vya fiqhi vinasema kwamba mtu akikodi mnyama ili amtwike mzigo wa kiasi walichopatana, akamzidishia, mnyama akafa kwa ule uzito, aliyekodi hudhamini. Ikiwa punda aliyekodiwa ana mpaka usiopitwa, mwanadamu, ambaye Mwenyezi Mungu amemtukuza, hawezi kuwa chini ya punda.

Wala mfanya kazi mwenyewe hamiliki roho yake hata aweze kumhalalishia mwingine. Roho ni amana aliyowekewa. Amekatazwa kujitupa katika maangamizo, na asichoruhusiwa kukifanya kwa mkono wake hawezi kumruhusu mwenziwe akifanye. Wanavyuoni wamekhitalifu juu ya mtu aliyemwambia mwenziwe amkate mkono, naye akaukata: je, yapasa diya au haipasi. Lakini hawakukhitalifu kwamba idhini ile haikufanya kukata kuwa halali. Hapa pana jambo kubwa la kufahamu. Yawezekana mtu atoke mbele ya kadhi bila ya kutozwa hata senti moja, na dhambi yake ikamngojea mbele ya Hakimu asiyedanganywa kwa karatasi.

Ama elimu ya aliyeuza: radhi ya mtu asiyejua si radhi. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye fungu la chakula, akatia mkono wake ndani, akakuta chini mna maji na juu pakavu. Mwenye mali akasema ni mvua iliyokinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakuyaweka yale majimaji juu, watu wakayaona. Akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika Waislamu wa kweli. Ikiwa kuficha umande wa nafaka ni ghushi, basi kuficha ufa wa nguzo, au kuondoa kibandiko cha sumu katika pipa la dawa, au kumpeleka mtu juu ya jukwaa ambalo mwenyewe anajua kwamba mbao zake zimeoza, ni ghushi iliyo kubwa zaidi. Anayenunua nafaka yenye maji hupoteza fedha zake, na fedha hurudi. Aliyepelekwa juu ya mbao mbovu haachi ila mjane na mayatima.

Ama hali yake alipouza, hapa ndipo penye ugumu. Kwani tajiri atasema: huyu alijua, niliambia kila kitu, na akaingia kwa miguu yake. Na kweli, sharia inatafautisha baina ya mtu aliyelazimishwa kwa upanga na mtu aliyelazimishwa na dhiki. Aliyewekewa upanga, mapatano yake ni batili. Aliyeuza nyumba yake kwa sababu ya deni na njaa, mapatano yake ni sahihi, kwani kama yangekuwa batili hakuna mwenye dhiki ambaye angepata mnunuzi, na dhiki yake ingezidi. Kwa hivyo mwenye kusema kwamba kila ijara ya maskini ni batili amepita mpaka.

Lakini usahihi wa mapatano ni jambo moja, na usafi wa mwenye kupatana ni jambo jingine. Ijara ile yaweza kuwa sahihi, ujira ukapasa kulipwa kamili, na papo hapo tajiri akawa mwenye dhambi kwa kuifanya njaa ya mtu kuwa mjeledi wake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hivyo ndivyo wasemavyo watu wa pwani. Lakini tajiri wa namna hii anamjua mwenye njaa vizuri kabisa, na kwa kumjua ndiko anakopata faida. Wale wa Savar hawakuambiwa tu kwamba leo hakuna ujira wa leo. Walitishwa kwa mshahara wa siku walizokwisha kuzifanyia kazi. Na ujira uliokwisha kutendewa kazi si mali ya tajiri tena hata autumie kuwa kitisho. Ni deni lililo shingoni mwake, na imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mdai, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemwajiri mwenziwe akaichukua kazi yote kisha asimpe ujira wake. Kumwambia mtu ingia penye mauti ama nitakula haki yako, hilo si mapatano. Hilo ni karibu na upanga.

JAWABU LA HUJJA YA PILI

Imesemwa kwamba khatari imelipiwa. Basi na itazamwe: ni khatari gani?

Khatari ni mbili. Iko khatari isiyoachana na kazi, kama bahari kwa baharia, na kina kwa mzamiaji, na urefu kwa mwenye kupanda minazi. Hii haiondoki ila kwa kuacha kazi yenyewe, na watu wanahitaji samaki na nazi. Kuizidishia ujira ni jambo jema, wala hakuna aliyeiharimu. Na iko khatari ya pili, ambayo yaweza kuondolewa kwa mali na juhudi: kamba ya mzamiaji iliyochakaa, jahazi linaloingiza maji na mwenyewe hataki kulitia kalafati, mtambo usio na kizuizi, mlango wa kiwanda uliofungwa kufuli kwa khofu ya wizi.

Khatari hii ya pili hailipiki kwa ujira, kwa sababu si sehemu ya kazi. Mtu hakuajiriwa kupanda mbao zilizooza; ameajiriwa kujenga. Tajiri anapomwongezea shilingi kidogo badala ya kubadili mbao, hakununua kazi zaidi, bali amepima roho ya mtu na bei ya ubao, akaona ubao ni ghali.

Na mlango wa kufuli si mfano wa kubuni. Tarehe 11 Septemba 2012 kiwanda cha nguo kiliungua katika mji wa Karachi, Pakistani, wakafa zaidi ya watu 250, madirisha yakiwa na vyuma na milango imefungwa. Miaka minane baadaye, mwaka 2020, mahakama iliamua kwamba moto ule uliwashwa na watu kwa makusudi. Hapo wako watakaosema: basi mwenye kiwanda hana lawama, mwenye kuwasha ndiye mwuaji. Ni kweli kwamba katika kanuni za fiqhi, wakikutana aliyetenda kwa mkono wake na aliyekuwa sababu, hukumu huegemea kwa mtendaji. Lakini kanuni hii hupambanua nani atauawa na nani atalipa. Haikuja kumsafisha aliyefunga mlango. Mwashaji atajibu juu ya moto, na mfungaji atajibu juu ya mlango. Dhambi ya mmoja haimbebei mwingine mzigo wake.

JAWABU LA HUJJA YA TATU

Ama Hadithi ya kisima na machimbo, ni sahihi, na kila Muislamu huipokea kwa kichwa na jicho. Lakini yapasa ifahamiwe kama walivyoifahamu wenye elimu. Maana yake ni mtu aliyechimba katika milki yake au katika ardhi isiyo na mwenyewe, pasipo uadui, wala hila, wala kuficha. Huyo hadhamini, kwani hakutenda kosa, na lau angetozwa diya kwa kila jambo la Mungu, pasingechimbwa kisima hata kimoja na watu wangekufa kwa kiu.

Na dalili kwamba maana yake ni hiyo, ni kwamba wanavyuoni hao hao waliokataa dhamana hapa wameithibitisha pale penye uadui. Aliyechimba kisima katika njia nyembamba ya watu, kinachowadhuru wapitao, hudhamini. Na Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ametaja katika kitabu chake cha Minhaj mas'ala iliyo karibu sana na hii: mtu amechimba kisima ukumbini mwa nyumba yake mwenyewe, kisha akamwita mgeni, naye mgeni akatumbukia pasipo kujua. Kauli yenye nguvu ni kwamba mwenye nyumba hudhamini.

Basi na azingatie mwenye akili. Nyumba ni yake, kisima ni chake, na mgeni ameingia kwa miguu yake na kwa radhi yake. Kwa nini anadhamini? Kwa sababu alimwita naye anajua, na mgeni hajui, na kule kumwita ni kama kumwambia kwamba njia ni salama. Na mfanya kazi ni mgeni wa namna gani? Ni mgeni aliyeitwa kila asubuhi, ambaye hana ruhusa ya kuchagua pa kukanyaga, bali huenda anapoelekezwa na mnyapara. Ikiwa aliyeitwa kunywa kahawa hudhaminiwa, aliyeitwa kutoka jasho ana haki zaidi.

JAWABU LA HUJJA YA NNE

Kuamini kadari ni nguzo ya imani, na asiyeiamini si Muislamu. Lakini kadari ni faraja ya aliyefikwa na msiba, si kisingizio cha aliyeuleta. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake bila kufungwa na kumtegemea Mungu, alimwamuru amfunge kisha ategemee. Na Sayyidna Umar (R.A.) alipokaribia nchi ya Sham akapata khabari kwamba kuna tauni, aliwarudisha watu waliokuwa pamoja naye. Akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akajibu kwa maana kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu.

Na katika kisa hiki mna faida ambayo wengi huipita. Umar hakuwa akijiamulia nafsi yake peke yake. Alikuwa mkubwa wa watu, na waliokuwa chini yake wangemfuata lau angesema tuingie. Hakusema kwamba wao ni watu wazima na wakitaka na waingie. Aliona kwamba mwenye amri juu ya miguu ya watu ndiye mwenye kuulizwa miguu hiyo imekwenda wapi. Khabari ya tauni ilimfikia akageuka. Khabari ya ufa iliwafikia wakubwa wa Savar wakaamrisha kuingia. Wote wawili walikuwa chini ya kadari moja.

MIPAKA YA JAMBO HILI

Baada ya hayo, yafaa yatajwe mambo ambayo tajiri anadaiwa, ili mwenye kutaka kujisafisha ajue pa kuanzia. Nayo ni manne.

La kwanza, aitoe khatari anayoweza kuitoa, na asiyoweza kuitoa aipunguze. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mara nyingine ukuta wenyewe haujengeki, kwani waliokuwa wakiujenga wamo chini yake. La pili, aibainishe khatari iliyobaki kwa lugha anayoifahamu mfanya kazi, si kwa karatasi ya kutiwa kidole gumba. La tatu, amwachie mlango wa kukataa: mtu akiona mauti mbele yake akasimama, asikatwe haki aliyokwisha kuichuma wala asifukuzwe kwa hilo. La nne, aliyeumia atibiwe, na aliyekufa watu wake waangaliwe, pasipo kungojea mahakama.

Na mambo haya si ya fiqhi peke yake. Mapatano ya kimataifa juu ya usalama na afya kazini, yaliyofanywa Geneva mwaka 1981 na kupewa nambari 155, yanataka alindwe mfanya kazi aliyejiondoa penye khatari ya karibu na kubwa kwa sababu ya haki. Mwezi wa Juni 2022 Shirika la Kazi la Kimataifa liliuingiza usalama wa kazini katika haki za msingi za kila mfanya kazi. Tanzania ilitunga sheria yake ya usalama na afya kazini mwaka 2003, na Kenya mwaka 2007, pamoja na sheria nyingine mwaka huo huo ya fidia ya aliyeumia kazini. Muislamu anayezipuuza sheria hizi kwa kusema si za dini ajue kwamba zimeamrisha kuhifadhi nafsi, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sharia.

Baada ya msiba wa Savar, makampuni mengi yanunuayo nguo yalitia sahihi, mwezi wa Mei 2013, mapatano yenye nguvu ya sheria juu ya moto na majengo, na viwanda zaidi ya elfu vikakaguliwa. Mwaka 2015 fungu la fidia ya waliofikwa lilitimia dola milioni 30. Hii ni dalili kwamba fedha za kutazama nguzo zilikuwepo siku zote. Kilichokosekana kabla ya vifo elfu na zaidi si mali, bali ni mtu wa kulazimika.

Ikiwa atasema msemaji: mimi si mwenye kiwanda, ni mtu mdogo mwenye karakana na vibarua watatu, nikinunua kila kitu hiki nitafunga, na hao watatu watalala na njaa, je, njaa si madhara? Jawabu: njaa ni madhara, na hujja hii ni ya kweli, wala asichekwe mwenye kuisema. Lakini madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo kama yake, sembuse makubwa kuliko yake. Njaa ya juma moja ina dawa. Ina jirani, ina zaka, ina mkopo, ina kazi nyingine. Mkono uliokatika hauna dawa, na huleta njaa ile ile maisha yote. Basi mdogo na afanye kwa uwezo wake: apunguze kazi asiyoiweza, aanze na khatari iuayo kabla ya iumizayo, na asichukue kandarasi ambayo faida yake yote imo katika kuacha kununua kamba. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Lakini mtu anayeujua uwezo wake kuwa ni mdogo hana udhuru wa kuitwika miili ya wengine upungufu wake.

Na mfanya kazi naye ni mwenye amana. Akipewa kofia akaivua kwa joto, au miwani akaiacha kwa uvivu, au akaona kamba imekatika nyuzi akanyamaza ili mwenziwe apande, naye ataulizwa. Aliyejizidishia jeraha ili apate fidia amekula haramu. Na kunyamaza kwa khofu hupungua pale watu wanapokuwa pamoja: mmoja akisimama mlangoni peke yake hufukuzwa, na wakisimama wote, tajiri hulazimika kulitazama jengo lake. Kwa hivyo kushirikiana wafanya kazi katika kusema haki ni kusaidiana katika wema, maadamu hawavunji mapatano ya haki wala kuharibu mali ya mtu.

KHATIMA

Imebainika kwamba radhi ya mfanya kazi ina mahali pake wala haitupwi. Humhalalishia tajiri kazi iliyopatanwa, na humwondolea lawama katika khatari isiyoachana na kazi, iliyobainishwa, kwa mtu aliyeweza kukataa. Haimwondolei lawama katika khatari aliyoificha, wala katika ile aliyoweza kuiondoa akaiacha, wala katika ile aliyomsukumia mtu kwa njaa yake.

Katika Kurani Tukufu mna kisa cha Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan, mgeni, mkimbizi, hana nyumba wala jamaa. Mzee wa huko akamwajiri kwa miaka minane, na ya kutimiza kumi ikaachiwa hiari ya Musa. Palikuwa na kila nafasi ya kumkandamiza, kwani hakuna mtu mwenye shida kuliko mgeni aliyekimbia kuuawa. Na yule mzee alimbainishia tangu mwanzo kwamba hataki kumtia mashakani. Hakungoja Musa aombe. Alijua kwamba mwenye shida haombi sana, na kwa hivyo mwenye nguvu ndiye mwenye wajibu wa kuuweka mpaka.

Basi kila mwenye watu chini ya mkono wake, akiwa na jahazi au duka, shamba au jengo, na aitazame kazi yake kesho asubuhi kabla ya kumwita mtu wa kwanza. Apande yeye ngazi ile. Ashike yeye kamba ile. Asimame yeye chini ya ukuta ule muda wa kusoma Fatiha. Na analoliogopea nafsi yake na mwanawe, asimwingize ndani yake mtoto wa mtu kwa sababu tu mtoto yule amesema ndiyo.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa wakitafuta riziki ya halali, awaponye waliojeruhiwa, awasimamie mayatima wao, na azilainishe nyoyo za wenye mali kabla haijafika siku ambayo mali haitafaa kitu. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.